Ng'ombe hashiki mimba: pa kuanzia kabla hujalaumu mbegu

Malalamiko ninayopokea kwa simu hayafiki kumi. Yanajirudia tu kwa sauti tofauti. "Miezi mitano tangu azae, hajataka dume." "Nimempandisha mara nne, kila siku ya 21 analia." "Zalio halijatoka tangu jana." Mengi ni ya wafugaji wa ng'ombe mmoja hadi wanne, wanaofugia bandani katikati ya migomba, kuanzia Rombo kupita Hai hadi Arumeru, na karibu kila simu huishia na shutuma ileile: mbegu mbovu. Kuna siku ni kweli. Lakini visa vikipangwa kwa wingi wake, mrija wa mbegu unakaa nyuma sana ya hori na macho ya mwenye ng'ombe. Kwa hiyo hapa tunaanza na yale unayoweza kuyakagua mwenyewe bila kumlipa mtu.

Uwe na vitu viwili. Cha kwanza ni daftari lenye tarehe ya kuzaa, tarehe za joto (siku anapotaka dume), tarehe za kupandishwa na jina la dume lililoandikwa kwenye mrija. Cha pili ni kipimajoto. Hiki cha kawaida cha duka la dawa kinatosha. Kiingizwe njia ya haja kubwa, kiguse ukuta wa utumbo, ukishikilie dakika mbili. Ng'ombe mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39.3. Akiwa ametulia kivulini na bado anasoma zaidi ya 39.5, ana homa. Ukimwambia daktari "ana 40.8", atawasha pikipiki mapema kuliko ukimwambia "amepoapoa tu".

Amezaa, miezi inapita, haonyeshi joto

Hesabu siku kwanza. Kizazi kinahitaji siku 45 hadi 60 baada ya kuzaa kijirudishe, kwa hiyo ng'ombe wa siku 40 asiyetaka dume hana kosa lolote. Mimba huchukua siku 280 hivi. Ukitaka ndama kila mwaka, ashike kabla ya siku ya 85 au 90. Akivuka siku 60 bila dalili, anza kutafuta.

Sababu inayoongoza, tena kwa mbali, ni kwamba joto lilikuja na hukuliona. Vitabu vinasema ng'ombe kwenye joto husimama apandwe na wenzake. Sawa, lakini wako yuko peke yake ndani ya banda la mita tatu kwa nne, sakafu ya saruji inateleza. Apandwe na nani? Joto lenyewe hudumu saa 12 hadi 18, wengine chini ya hapo, na sehemu kubwa ya purukushani hutokea usiku mmelala. Kwa ng'ombe wa peke yake tafuta dalili nyingine: analia bila njaa, hatulii, anaacha hori kabla hajamaliza, maziwa ya asubuhi yanapungua lita moja au mbili bila sababu, uke umevimba kidogo na ndani umekuwa mwekundu. Dalili inayosema ukweli kuliko zote ni ute mwangavu unaovutika kama ute wa yai, uliogandia mkiani au kumwagika sakafuni alipokuwa amelala. Wengi huusafisha pamoja na samadi bila kuutazama.

Jaribu hivi kwa siku 24 mfululizo: mwangalie saa 12 asubuhi kabla hujashika ndoo, mchana, jioni, na saa 4 usiku kwa tochi, dakika 20 kila mara. Kama una wawili, watoe nje mahali pa udongo asubuhi na jioni, maana ng'ombe anayeogopa kuteleza hapandi mwenzake. Ukiona damu kidogo mkiani, usikimbilie kupiga simu: joto limeshapita siku moja au mbili zilizopita. Andika tarehe, kisha kuanzia siku ya 17 au 18 mkodolee macho.

Kama siku 24 zimepita na kweli hakuna kitu, nenda kwenye hori. Ng'ombe aliyezaa hufikia kilele cha maziwa kati ya wiki ya sita na ya nane, na wakati huo anatoa kuliko anavyokula; tofauti anaichota mgongoni kwake. Mwili ukiona hivyo unazima uzazi. Simama ubavuni mwake, mita mbili. Mbavu mbili tatu za mwisho zikionekana, si vibaya. Ukizihesabu zote, na shimo kati ya nyonga na mkia limezama hadi ngozi imeshikana na mfupa, homoni hazitakusaidia. Anahitaji chakula.

Hapa kwetu kosa lina majira. Kuanzia Julai majani yanakauka, watu wanapandisha mabua ya mahindi kutoka tambarare kwa pikapu na kujazia kwa migomba iliyokatwakatwa. Mgomba ni maji zaidi ya asilimia 90. Unamjaza tumbo, ananyamaza, nawe unaamini ameshiba. Mabua ni nyuzinyuzi kwa wingi, protini ni kidogo mno. Ng'ombe aliyezaa Juni akalishwa hivyo hadi Oktoba huwa ananipigia simu Novemba, kwa mdomo wa mwenyewe. Ongeza mashudu ya alizeti au ya pamba juu ya pumba (pumba peke yake ni nguvu bila protini ya kutosha), changanya majani ya lusina, kaliandra au desmodiamu, kata matete yakiwa na urefu wa mita moja hivi na si yakiwa fimbo. Maji yawe mbele yake usiku na mchana. Anayekamuliwa humaliza lita 60 hadi 100 kwa siku, na ndoo mbili za asubuhi na jioni hazimtoshi. Halafu madini. Magadi na chumvi ya jikoni vinampa sodiamu tu. Fosforasi, shaba na vingine vinavyogusa uzazi vimo kwenye unga au jiwe la madini ya ng'ombe wa maziwa, na jiwe lenyewe lining'inizwe pasipofikiwa na mvua.

Sababu ya tatu huchekesha: ana mimba tayari. Dume la jirani lilikata kamba, au alipandishwa ukasahau kuandika. Nimeitwa kwa ng'ombe "mgumba", nikaingiza mkono, nikakuta ndama wa miezi mitano.

Zinazobaki ni za ndani: usaha uliofungiwa kwenye kizazi, uvimbe wa maji kwenye ovari, ovari zilizolala. Pia minyoo, kwato mbovu na homa za kupe humchosha ng'ombe hadi joto lisionekane. Hizi zinahitaji mkono wa mtaalamu.

Simama hapa: usikubali sindano ya kuleta joto kabla ng'ombe hajapimwa mimba kwa mkono. Prostaglandini, ambayo ndiyo sindano yenyewe, hutoa mimba changa, na kwa ng'ombe mwenye ovari zilizolala haifanyi chochote zaidi ya kula fedha yako. Dawa hiyohiyo hupenya ngozi ya binadamu. Mama mjamzito na mwenye pumu wasiishike kabisa, hata chupa tupu.

Anapandishwa, anarudia

Akirudia mara moja au mbili, hiyo ni kawaida. Akifikisha tatu, tafuta sababu, na daftari ndilo linaloongea hapa. Siku kati ya kupandishwa na joto lililofuata zina maana yake.

Akirudia siku 18 hadi 24, yai halikurutubishwa au kiinitete kilikufa mapema sana. Mara nyingi ni muda. Akirudia siku 36 hadi 48, yaelekea alirudia kati hapo ukakosa kuona. Rudi sehemu ya juu ukasome habari ya tochi. Siku 25 hadi 35, au tarehe zisizo na mpangilio, zinaashiria alishika kisha mimba ikafa: fikiria maambukizi, homa, joto kali la mchana. Chini ya siku 17, aidha ulimpandisha asipokuwa kwenye joto, au ovari zina uvimbe.

Kuhusu muda, kanuni ni ya zamani na bado haijashindwa: ukiona joto asubuhi, apandishwe jioni ileile, ukiona jioni, apandishwe kesho asubuhi na mapema. Yai hutoka saa nyingi baada ya ng'ombe kuacha kusimama. Wanaokosea wengi hawachelewi kwa uzembe. Wanaona joto saa 1 asubuhi, wanakamua, wanapeleka maziwa kituoni, wanakumbuka kumpigia mhimilishaji (mtaalamu wa kupandisha kwa mrija) saa 9, naye ana simu nyingine tano njiani, anafika kesho mchana. Piga simu ukiwa bado na gumboti miguuni. Na mweleze joto lilionekana saa ngapi, usimwambie tu "njoo haraka".

Kisha mwangalie mhimilishaji anavyofanya kazi. Si dharau, ng'ombe ni wako. Mbegu huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Anayefika na mirija kwenye chupa ya chai yenye barafu amebeba mbegu iliyokufa, hata kama dume lilikuwa bora kuliko yote pale kituo cha uhimilishaji cha Usa River. Mrija ukitoka mtungini huyeyushwa kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 30 hadi 45, maji yapimwe kwa kipimajoto na si kwa kidole, ufutwe ukauke, na utumike ndani ya dakika chache bila kupigwa na jua. Uke ufutwe kwa karatasi safi. Mbegu iachwe mara tu baada ya kuvuka mlango wa kizazi. Hili la mwisho huwezi kuliona, lakini kama ng'ombe watano wa majirani watano wamerudia kwa mtu mmoja, mmeshapata jibu.

Upande wako: usimkimbize wala kumchapa kumleta kwenye kibano. Awe kivulini, awe amekunywa. Baada ya kupandishwa apumzike. Asitembezwe kilomita mbili kwenye jua kurudi nyumbani.

Kama muda na mtaalamu wako sawa, tazama ute wa joto. Mwangavu kama kioo, vizuri. Ukiwa na vipande vyeupe, au umechafuka kama maziwa ya mgando, kizazi kina maambukizi na kumpandisha tena ni kutupa mrija. Daktari amtibu, aruke joto moja, apandishwe linalofuata. Nimekutana na watu waliosukuma maji ya chumvi ndani kwa mpira wa bustani. Usifanye hivyo. Ukuta wa kizazi huchubuka, na makovu hayatibiki.

Wanaotumia dume la kijiji wana orodha yao ya ziada. Dume moja likizunguka nyumba 30 hubeba magonjwa ya uzazi kama trikomonasi, vibrio na brusela kutoka nyumba hadi nyumba, lenyewe likiwa limenona halina dalili. Ng'ombe wengi wa eneo moja wakianza kurudia kwa tarehe za ovyo, na dume ni lilelile, acheni kulitumia wote kwa pamoja mpaka lipimwe. Mmoja akiendelea kwa siri, mmerudi mlipoanzia.

Zalio halijatoka, au anatoa uchafu

Zalio hutoka ndani ya saa 12. Likipita saa 24, limekwama. Sababu za kawaida ni kuzaa kwa shida au kuvutwa ndama, mapacha, kutupa mimba, upungufu wa madini, na kukamuliwa hadi mwisho bila kukaushwa siku 60 kabla ya kuzaa.

Usilivute. Usifungie jiwe wala tofali. Najua babu alifanya hivyo na ng'ombe akapona. Nawajua pia waliochanika kizazi wakafa siku ya tatu, na wengine waliopona ila hawakushika tena. Kata kinachoning'inia kisifike kwenye kwato, safisha mkia na nyuma kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, mpime homa asubuhi na jioni. Akila vizuri na hana homa, wengi hulitoa wenyewe ndani ya siku chache hadi wiki moja na ushee.

Uchafu wa kahawia au mwekundu usionuka katika wiki mbili za kwanza ni usafi wa kawaida wa kizazi.

Ita daktari siku hiyohiyo akiwa na homa juu ya 39.5, akiacha kula, au ukisikia harufu mbaya ya uozo ukiwa bado mlangoni mwa banda. Usisubiri "tuone kesho". Na ukichomewa antibiotiki, maziwa ya siku zilizoandikwa kwenye chupa hayaendi kituoni wala kwa watoto.

Ametupa mimba

Hapa sifuati wingi wa sababu, nafuata hatari. Mimba ikitoka kuanzia mwezi wa tano na kuendelea, ichukulie kuwa ni brusela hadi maabara iseme vinginevyo. Ugonjwa huu huingia kwa binadamu kupitia maji ya uzazi, zalio na maziwa mabichi. Kwa mtu huleta homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, na wengi hutibiwa malaria au taifodi kwa miezi. Ukienda zahanati, sema kwamba unafuga na kwamba ng'ombe alitupa.

Usishike kwa mikono mitupu. Kama huna glovu, vaa mifuko miwili ya nailoni ukaifunge kwenye kiwiko. Wajawazito na watoto wakae mbali, mbwa afungwe. Piga simu kwa afisa mifugo kabla hujafukia chochote, kwa sababu sampuli ya kijusi au damu ikifika maabara, kwa kanda hii ni ile ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) Arusha, ndiyo itakayokwambia unapambana na nini. Kisha fukia kwa kina, mwaga chokaa, choma nyasi alizolalia. Mtenge. Maziwa yachemke hadi yapande, kila siku, hata ya chai. Ng'ombe mwenye brusela hatibiwi. Hutolewa kundini kwa maelekezo ya daktari. Usimuuzie jirani. Mitamba michanga huchanjwa, uliza umri unaofaa.

Sababu nyingine: homa kali ya ndigana au nyingine ya kupe, kupigwa pembe au kuanguka, chakula chenye ukungu, sindano ya homoni kwa mwenye mimba, na kupandishwa akiwa na mimba. Ndiyo, wapo wenye mimba wanaoonyesha joto, na mrija ukipita kwenye mlango wa kizazi uliofungwa unaitoa. Mhimilishaji makini hupima kwanza.

Mvua kubwa isiyo ya kawaida imenyesha, mbu wamejaa, na mimba zinatoka kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo kijiji kizima huku wachanga wakifa? Hiyo ni dalili ya homa ya bonde la ufa, kama ile iliyotupiga mwaka 2007. Usichinje, usichune, usiguse damu. Ripoti leo.

Amezaa jana, leo hainuki

Kama ni mkamuliwa mzuri, uzao wa tatu au zaidi, ndani ya siku tatu baada ya kuzaa, masikio ya baridi, shingo ameikunja kuelekea ubavuni, hanyi: ni homa ya maziwa. Jina linapotosha, kwa maana mwili hupoa badala ya kupata homa. Kalisiamu imeshuka kwenye damu. Mwinue akae kwa kifua, mkingie kwa magunia ya nyasi pande zote asilale ubavu, maana akilala ubavu tumbo hujaa gesi na anaweza kukabwa. Usimnyweshe chochote kwa chupa, koo limelegea na kitaingia mapafuni. Daktari aje ndani ya saa chache. Kalisiamu huingia mshipani polepole huku akisikiliza moyo. Ikikimbizwa, moyo husimama. Usimruhusu mtu wa duka akufundishe hili kwa simu.

Kama yuko macho, anakula, ila miguu ya nyuma haishiki na ndama alivutwa na watu wanne, yaelekea mishipa ya fahamu ya nyonga imeumia. Nyasi nyingi chini, umgeuze upande kila baada ya saa tatu au nne, uvumilivu.

Homa, tezi zimevimba, kupe masikioni

Gusa chini ya sikio na mbele ya bega. Tezi kama yai, homa ya 40 na kuendelea, anahema, machozi: ndigana kali. Wengi huanza na OTC (antibiotiki ya oksitetrasiklini), kwa kuwa kila duka linayo. Kwa ndigana kali haitoshi. Dawa yake ni buparvakwoni, na inasaidia ikichomwa mapema. Akianza kutoa povu puani umeshachelewa sana. Tezi zisipovimba ila ufizi mweupe au wa njano na kinyesi kikavu, fikiria ndigana baridi. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi au damu, babesia, nayo ni ya kupe. Hata bandani kupe hufika na majani uliyokata kandokando ya njia ya mifugo. Nyunyiza dawa ya kupe kila wiki, ndani ya masikio na chini ya mkia, kwa kipimo kilichoandikwa. Kuongeza maji "idumu" ndiko kunakozalisha kupe sugu. Ndama achanjwe ndigana kali. Ni mara moja.

Mtamba hajawahi kuonyesha joto

Usihesabu miezi, pima uzito kwa utepe wa kifua. Anayefika karibu theluthi mbili ya uzito wa mama yake yuko tayari, awe na miezi 15 au 24. Chini ya hapo, lisha.

Akiwa na uzito na bado kimya, uliza kama alizaliwa pacha na dume. Mtamba wa namna hiyo, zaidi ya tisa katika kila kumi, ni tasa tangu tumboni, kwa kuwa damu ya pacha wake ilichanganyika na yake. Daktari hupima urefu wa uke kwa kijiti laini akiwa bado ndama wa wiki chache. Ukiwa mfupi mno, mnenepeshe kwa ajili ya nyama na usimmalizie mashudu ya wenzake.